Nani Kashika Ngamia? Filamu Tulizozitazama na Ami Huku Hayes



Mtanisamehe kwa kimya changu. Tangu mwezi wa Novemba nimekuwa muuguzi. Ami yangu, ambaye baadhi yenu mnamjua kwa maneno yake kuliko kwa sura yake, kafanyiwa opareshini ya goti na daktari kamkataza kupanda ngazi kwa muda. Basi tukamteremshia kitanda sebuleni, mbele ya televisheni, na nyumba nzima ikageuka senema. Nyumba zetu za huku Hayes mnazijua: sebule upana wa mkeka, ukinyoosha mguu umeshafika jikoni. Hakuna aliyeweza kukimbia. Kila baada ya Isha ilikuwa picha, na kila picha ilikuwa na ugomvi wake. Nimeona nikuandikieni niliyoyaona, maana mengine yameniganda kifuani na sitaki niyabebe peke yangu.

Kwanza mjue mtu ninayetazama naye. Ami kazaliwa Unguja mwaka 1942, na ujana wake wote ulipita Majestic, Empire na Sultana. Zama zile Jumapili usiku ilikuwa picha ya Kihindi, na tikiti ukichelewa unainunua kwa mlanguzi. Wanawake walikuwa na maonyesho yao peke yao, na Ami anasema ilipokuja Mother India, ile ya mwaka 1957, mama yake alirudi nyumbani macho yamevimba akakataa kula. Kwake yeye picha ina stelingi na ina adui, na wengine wote ni wapita njia. Huku Uingereza kaja miaka ya sabini, akafanya kazi Blyth Road kwenye kiwanda cha santuri. Kampuni ile ile ya Gramophone, yenye nembo ya mbwa, ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928, na makao yake yalikuwa hapa hapa Hayes! Siku hizi pale pamejengwa maghorofa ya kuishi. Na senema ya Southall, ile yenye paa la Kichina iliyojengwa mwaka 1929 na ambayo kwa miaka mingi ilitoa picha za Kihindi, nayo ilifungwa mwaka 2010. Kwa hiyo mzee kabakiwa na sebule yangu.

Tulianza na Lawrence of Arabia ya David Lean, ya mwaka 1962. Mie nilikuwa nimeiona mara mbili zamani na nilidhani naijua. Karibu saa tatu na dakika arobaini! Ami alikuwa na chungu ya mito mgongoni na birika la chai ya tangawizi pembeni, na hakusinzia hata mara moja. Lazima tuseme haki: hakuna aliyepiga picha ya jangwa kama ile. Pale Omar Sharif anapotokea mbali kwenye mazigazi, kwanza kidoa tu cheusi, halafu kinatikisika, halafu kinakuwa mtu juu ya ngamia, na Lean hana haraka, anakuacha ungoje kama wanavyongoja wale wawili pale kisimani... Ami alisema, "Huyu mwongozaji kakaa jangwani. Anajua kwamba mgeni huonekana saa nzima kabla hajafika." Sifa hiyo kwa Ami si ndogo.

Lakini ilipofika katikati, akaanza. "Hebu simamisha." Nikasimamisha. "Yule aliyeshika ngamia wa Lawrence, nani?" Nikamwambia sijui, mtu tu. "Na yule anayemimina kahawa?" Mtu tu. "Na wale wanaokwenda Akaba, mamia wale?" Nikamweleza kwamba picha ilipigwa Jordan, na Hispania, na Moroko, na kwamba Mfalme Hussein wa Jordan alisaidia kwa askari wake. "Basi hao ndio Waarabu wa kweli," akasema, "na hao hawana neno hata moja la kusema."

Ukiangalia, kweli. Faisal ni Alec Guinness, Mwingereza aliyepakwa rangi. Auda ni Anthony Quinn, mzaliwa wa Meksiko, na pua ya bandia juu. Omar Sharif ndiye Mwarabu pekee kati ya wakubwa, na yeye ni Mmisri anayecheza Mbedui. Mwanamke mwenye neno la kusema hayumo hata mmoja. Wale vijana wawili watumishi, Daud na Farraj, wamepewa majina, lakini ukifuatilia utaona wamepewa ili wafe, mmoja kwenye mchanga unaozamisha na mwengine kwa baruti, na vifo vyao vyote viwili kazi yake ni kutuonyesha uso wa Lawrence unavyoumia. Na Waarabu wakishaingia Damascus, wanachojua ni kugombana wao kwa wao hadi taa zinazimika. Mimi bado nasema ni picha kubwa. Lakini tangu usiku ule nimepata kipimo kipya, nacho ni cha Ami: usimtazame stelingi, mtazame aliyeshika ngamia. Muulize mwongozaji, huyu unamjua?

Kipimo hiki tukaenda nacho kwenye Khartoum ya mwaka 1966. Hapa mtanisamehe, sitasema mengi. Laurence Olivier, bingwa wa majukwaa ya Uingereza, kapakwa masizi awe Mahdi wa Sudan, na anazungumza kama mtu aliyeumwa na jino. Charlton Heston ni Gordon. Picha inawakutanisha wawili hawa uso kwa uso hemani, nao katika historia hawakupata kuonana hata siku moja. Kisingizio cha wenye kuandika michezo ni kwamba mchezo unataka makutano. Sawa. Lakini mbona kila makutano ya namna hii Mahdi ndiye anayekwenda kujifunza kwa Gordon heshima?

Kilichonifaa mie katika Khartoum ni mtu mmoja tu wa pembeni, Khaleel, mtumishi wa Gordon. Muigizaji wake ni Johnny Sekka, kijana wa Senegambia aliyehamia London. Ana utulivu fulani usoni hata akiwa anashika trei. Siku tatu baadaye, kwa ombi la bi mkubwa wangu, tukaweka Ar-Risala ya Moustapha Akkad, ile ya Kiingereza ya mwaka 1976. Anatokea Bilal bin Rabah, jua kali, jiwe kifuani. Ami akainuka nusu kitandani na goti lake. "Huyu si yule boi wa Gordon?"

Ndiye! Johnny Sekka yule yule. Miaka kumi katikati, kutoka kushika trei mpaka kuadhini. Nikaona mama anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na si mara ya kwanza, maana kwetu picha hii ilizunguka kwa kanda za video nyumba hadi nyumba mpaka kanda zikawa zinaonyesha mvua tupu. Ar-Risala ina kasoro zake nyingi. Mazungumzo mengine ni mawaidha yaliyogawiwa kwa zamu. Mapigano ya Badr ni mazuri, ya Uhud yanakwenda mbio. Lakini Akkad alikuwa na fundo ambalo wenzake hawakuwa nalo: stelingi wake haruhusiwi kuonekana wala kusikika. Mtume (s.a.w.) hayumo kwenye picha kabisa, kamera inakaa mahali pake, watu wanamwambia yeye kwa kututazama sisi. Matokeo yake nini? Wale wa pembeni wakapata nafasi! Bilal, Sumayya, Ammar, Hamza, ndio wanaobaki kutubebea hadithi. Sharti la dini, ambalo wengi walilihesabu kuwa ni pingu kwa msanii, likamlazimisha kuwatazama walioshika ngamia. (Na aliipiga mara mbili kwa wakati mmoja, ya Kiarabu na ya Kiingereza, kwa waigizaji mbalimbali. Alianza Moroko akamalizia Libya. Mungu amrehemu, aliuawa yeye na binti yake kwenye milipuko ya Amman mwaka 2005.)

Baada ya hapo tukageukia picha za kwetu, yaani zile zinazosema ni za kwetu. Out of Africa ya mwaka 1985 tuliitazama na jirani yangu Msomali, maana Hayes siku hizi ukipiga chafya Msomali ndiye anayekuombea rehema. Jirani kaja na halwa na furaha, kwa sababu Farah Aden, mtu wa mkono wa kulia wa Karen Blixen, alikuwa Msomali. Dakika kumi, kaweka chini kisahani. "Huyu si Msomali!" Si Msomali kweli, ni Malick Bowens, mtu wa Mali, na kaigiza vizuri mno, lakini jirani hakutaka kusikia. Na Iman, Msomali wa kweli, tena mmoja wa wanawake mashuhuri duniani wakati ule, yumo humo humo kapewa kusimama mlangoni na kunyamaza karibu muda wote. Saba walizopata za Oskari, jirani anasema angewapunguzia mbili.

Mie langu ni la jiografia. Kuna mahali Karen anataka kuziba mto atengeneze bwawa, na Farah anamwambia kwamba maji haya kwao ni Mombasa, lazima yaende kwao. Maneno mazuri. Watu wa Mombasa niliowahi kuwasikia wanayapenda. Lakini maji ya Ngong huingia Mto Athi, na Athi ikateremka ikawa Galana, kisha Sabaki, nayo inamwaga baharini karibu na Malindi! Mto wenyewe haufiki Mombasa hata kwa matembezi. Ami akaniambia niache udaku, ni mashairi. Sawa, ni mashairi. Ila mtu wa pwani angesema Malindi na mashairi yasingepungua kitu. Anayesema "Mombasa" ni yule ambaye pwani yote kwake ni bandari moja aliyoshukia.

The African Queen ya John Huston, ya mwaka 1951, nilikuwa nikiipenda na bado naipenda, kwa ajili ya Katharine Hepburn na Humphrey Bogart wanavyogombana kama mke na mume wa Darajani. Lakini hebu itazameni tena mwanzo wake. Ni Afrika Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1914. Wanakijiji wako kanisani wanaimba wimbo wasioujua maneno, na inatakiwa tucheke. Halafu kijiji kinachomwa, watu wanachukuliwa, na basi. Hatuwaoni tena! Hakuna anayeuliza walikokwenda. Picha inapanda mashua na kuendelea na mapenzi yake.

Tunajua walikokwenda. Walikwenda kubeba mizigo. Vita vile vya 1914 hadi 1918 katika nchi zetu vilipiganwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, na waliokufa kwa kuhara, njaa na homa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Kikosi chao, ambacho Waingereza wakikiita Carrier Corps, kimeacha jina lake mahali ambapo kila mmoja wetu kanunua nazi: Kariakoo ya Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi. Na ile meli ya Wajerumani ambayo Bogart anataka kuizamisha, mfano wake ni Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika. Haikuzamishwa na mapenzi. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikaitwa Liemba na kuwapakia watu wa Kigoma kwa miongo na miongo. Meli imepata maisha marefu, wapagazi wamepata jina la soko. Kama kuna mwongozaji kijana anasoma haya, picha iko hapo inamsubiri.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Binti yangu ana miaka 16. Usiku mmoja karudi na simu yake, kuna kipande cha picha kaletewa na mwenzake wa shule, dakika chache tu, sauti imeondolewa na badala yake imewekwa kasida ya huzuni. Watu wanaonekana kutoka juu, wadogo kama sisimizi, na kanzu nyeupe zimelala chini kwa safu. Akamwendea Ami pale kitandani. "Babu, hii ni Zanzibar kweli?"

Wengi wenu mmeshajua ni nini. Ni Africa Addio, ya Wataliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, iliyotoka mwaka 1966. Walipita na ndege juu ya Unguja siku chache baada ya tarehe 12 Januari 1964 wakapiga walichokiona. Ami akaichukua simu, akaisogeza karibu na macho, akatazama mpaka mwisho, akamrudishia mtoto. "Kweli." Halafu akageukia ukutani.

Nilikuwa sijui, wallahi nilikuwa sijui, kwamba Ami kakitazama kipande kile miaka na miaka. Kwanza kwa kanda aliyopewa na mtu, kisha kwenye kompyuta, usiku, sisi tumelala. Kaka yake mkubwa, ami yangu ambaye sikupata kumuona na ambaye kwetu hatajwi ila kwenye dua, alikwenda shamba Jumamosi ya tarehe 11 Januari na hakurudi. Ami akaniambia asubuhi yake, "Nyinyi mnadhani natazama mauaji. Mie namtafuta mtu. Alikuwa na kanzu ya darizi ya kahawia." Sasa niambieni, kutoka juu ya ndege, nani ataona darizi?

Mie kazi yangu ni kusoma na kusomesha, na nikamwambia kile ninachowaambia wanafunzi: hatuhukumu kitabu kwa ukurasa mmoja. Nikamuuliza, je, picha yenyewe yote aliwahi kuiona? Kumbe hata mara moja. Zaidi ya miaka thelathini anatazama dakika zile zile! Mke wangu hakuafiki, alisema namtonesha mzee kidonda. Labda alikuwa na haki. Lakini Ami mwenyewe alisema iletwe. Tukaitazama wawili, mchana, watoto wako shule.

Ndugu zangu, ni picha mbaya. Sisemi mbaya kwa ufundi, ufundi wanao. Ni mbaya kwa nia. Inakwenda nchi hadi nchi, Kenya, Tanganyika, Kongo, na kila mahali msimulizi ana neno moja: Mzungu kaondoka, na tazameni sasa. Wanyama wanauawa, watu wanauawa, na vyote vinapangwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Ukifika Afrika Kusini, Afrika Kusini ile ya ubaguzi, ghafla ni pahala pa starehe. Kongo walisimama na kamera mtu anapigwa risasi mbele yao, na Italia ikambidi Jacopetti ajibu mashitaka ya kuhusika na mauaji, ingawa alitoka bila hatia. Roger Ebert, mhakiki wa Chicago, aliipiga vibaya mwaka 1967 na akaiita ya kibaguzi, wala hakukosea.

Ilipoisha, Ami alinyamaza muda mrefu. Nikadhani nimekosea kumwonyesha. Halafu akasema, "Hawa hawakutuonea huruma. Walipita njia wakatuokota."

Nami nataka nilieleze hili kwa maneno yangu, kwa sababu najua kuna watu wawili wanaopenda kipande kile kwa sababu mbili, na wote wawili nawapinga. Wa kwanza anasema: picha ni ya kibaguzi, walioitengeneza ni waongo, kwa hiyo mauaji ya Unguja ni uongo. Hapana. Mauaji hatukuyajua kwa Wataliano. Tumeyajua kwa mama zetu, kwa nyumba zilizobaki na makufuli, kwa watu wasiorudi kutoka shamba. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo, lakini kwamba walikufa, na kwa wingi, hilo halina ubishi. Ushahidi hauvunjiki kwa sababu aliyeshika kamera alikuwa mtu mwovu.

Wa pili anachukua kipande, anakata sauti ya msimulizi, anaweka kasida, anawapelekea watoto. Naye nasema hapana. Kwa sababu ukiondoa sauti hukuondoa jicho. Jicho bado liko juu ndegeni. Bado aliyelala chini hana jina wala kijiji wala kaka anayemtafuta. Na mtoto wa miaka 16 anabaki na hasira isiyojua pa kwenda, maana kipande hakina jana yake. Hakimwambii habari za utumwa wala za ardhi. Hakimwambii kwamba Juni mwaka 1961, siku za uchaguzi, waliuawa watu 68, wengi wao Waarabu, na kwamba miaka miwili na nusu baadaye wakubwa wa pande zote walikuwa bado wanachochea moto ule ule. Kujua sababu si kumsamehe muuaji. Lakini bila ya sababu, mtoto atabakiwa na rangi tu: hawa weupe wamelala, wale weusi wameua. Na hilo ndilo hasa walilotaka Jacopetti na mwenzake. Tunawafanyia kazi yao bure!

Kwa kipimo cha Ami, Africa Addio ndiyo picha iliyoanguka zaidi kuliko zote tulizotazama. Lean angalau alimpa Farraj jina kabla ya kumuua.

Usiku ule Ami alimwita binti yangu akaketi naye. Hakumwonyesha chochote. Akamhadithia: kaka yake alikuwa na miaka ishirini na sita, alikuwa fundi wa saa, alikuwa akipenda mkate wa kumimina na hawezi kunyamaza senema, mpaka watu wakimzomea. Mtoto akauliza, "Na mlimzika wapi?" Ami akatikisa kichwa. Hakuna aliyesema kitu. Mke wangu akaleta chai.

Siku ya tatu tukaweka Vuta N'kuvute. Hii mnaijua kwa riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, na filamu yake kaiongoza Amil Shivji, mwaka 2021. Ilionyeshwa Toronto mwaka ule, na Tanzania ikaipeleka kugombea Oskari, mara ya pili tu baada ya Maangamizi ya mwaka 2001. Niliogopa, maana riwaya ile naipenda na wenye kupenda vitabu ni watu wabaya wa kutazama nao filamu.

Nitasema kasoro kwanza. Filamu ni ya saa moja na nusu hivi, riwaya ina pumzi ndefu kuliko hiyo. Ucheshi wa Ng'ambo, masihara ya vijiweni, mengi yamebaki kwenye kitabu. Denge wa filamu ni mzito, anatazama sana na kusema kidogo, wakati Denge wa Shafi ni mtu wa maneno. Polisi wa kikoloni ni maadui wa Majestic hasa, hawana kitu ndani. Na Ami, ambaye sikio lake halijazeeka, kila baada ya muda alikuwa anauliza, "Huyu naye Unguja ipi?" kwa lafudhi anazosema ni za bara.

Lakini! Kamera iko chini. Iko vichochoroni, iko vyumbani mwa wanawake, iko karibu na mashavu ya watu mpaka unaona jasho. Yasmin aliyetoroka kwa mume mzee, na Mwajuma aliyempokea (kaigiza Siti Amina, muimbaji, na sauti yake peke yake ingenitosha), wanakaa pamoja, Mhindi na Mswahili wa Ng'ambo, na hakuna msimulizi anayetuambia wao ni mfano wa kitu gani. Kiswahili ndicho kinachobeba mapenzi, siasa, matusi na usaha wa moyo, hakisubiri mtu akitafsiri. Muuza kahawa ana uso. Nilimwona Ami anasogea mbele. Hakusema simamisha hata mara moja mpaka mwisho, isipokuwa kwa ajili ya kwenda msalani.

Ilipoisha akasema, "Nzuri. Lakini wameishia kabla." Nami hilo ndilo dukuduku langu. Hadithi ya Vuta N'kuvute ni ya miaka ya hamsini, matumaini bado mabichi. Mimi bado naisubiri picha ya Januari 1964 iliyopigwa kutoka chini, kwa Kiswahili, itakayoingia ndani ya nyumba ya aliyeuawa na ndani ya nyumba ya aliyeua, ambazo kwetu mara nyingine zilikuwa zinaazimana chumvi. Najua itamchukiza kila mtu. Wataliano walichukua dakika chache hewani wakaondoka nazo, na sisi, wenye kilio, tumekaa zaidi ya miaka sitini tunatazama kupitia dirisha la ndege yao.

Mwenye maoni mengine aseme, sitakasirika. Mwenye kujua picha nzuri yenye watu walioshika ngamia na wana majina, atutajie, maana goti la Ami bado lina wiki mbili na keshaanza kudai Mughal-e-Azam, ile ya zamani, si ile iliyotiwa rangi.

Na kama kuna mzee mwenziwe humu aliyemjua fundi saa mmoja wa Malindi, kijana, mwenye kanzu ya darizi ya kahawia, tafadhali asinyamaze.

Wasalaam,
Hayes